Uzamiaji Pwani na Safari ya Kurudi Bariadi: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kulipa

Mada iliyowasilishwa kwa wananchi katika viwanja vya Nanenane vya Nyakabindi, Bariadi, Mkoa wa Simiyu



Kipaza sauti kilipotangaza kwamba mada ya asubuhi hii ni uzamiaji baharini, tuliona baadhi yenu mkitazamana, kana kwamba tumekosea uwanja. Upande mmoja wa hema hili kuna banda la pamba, upande wa pili kuna mbuzi wa maonesho, na bahari iko mbali kiasi kwamba mtu akitoka hapa alfajiri kwa basi atauona mji wa Dar es Salaam usiku. Hatukukosea uwanja. Tumekuja Bariadi kwa sababu Bariadi iko mbali na bahari, tena iko juu yake, na jambo hilo la kuwa juu ndilo lililotuleta hapa.

Kabla hatujaendelea, tuseme neno kuhusu neno lenyewe. Katika mazungumzo ya mtaani, mzamiaji ni kijana aliyejificha ndani ya meli akaelekea Ulaya, au mtu aliyeingia harusini bila kadi. Mzamiaji tunayemzungumzia leo amelipa. Amevaa miwani ya majini, amebeba mtungi wa hewa mgongoni, anapumua kwa mpira ulioungwa kwenye mtungi huo, na anashuka chini ya maji kutazama matumbawe, samaki, au mabaki ya meli iliyozama. Kwa kuwa amelipa, yeye ni mlaji wa huduma kama alivyo mlaji mtu aliyenunua dawa ya kupulizia pamba. Ana haki ya kupewa huduma aliyoahidiwa, ana haki ya kupewa taarifa zilizo kamili, na ana haki ya kulalamika asipozipata.

Zamani huduma hii ilikuwa ya wageni kutoka nje. Sasa sivyo. Watumishi wa umma, walimu, wafanyabiashara wa pamba na choroko, na maharusi walio katika fungate wanakwenda Unguja, Pemba, Mafia na Mtwara, na wapo wanaorudi na picha zao wakiwa chini ya maji. Tunalifurahia jambo hili. Tatizo letu ni kwamba maelekezo mengi yanayotolewa pwani yaliandikwa kwa ajili ya mteja wa aina moja, yaani mgeni anayekuja kwa ndege na kuondoka kwa ndege. Mteja wa Simiyu hayumo katika maelekezo hayo.

Tulilitambua hilo kutokana na lalamiko moja, ambalo tunalieleza hapa kwa ridhaa ya mlalamikaji, bila kumtaja yeye wala aliyemhudumia.

Mwalimu mmoja wa mkoa huu na mumewe waliweka akiba katika kikoba kwa muda mrefu, wakaenda Unguja wakati wa likizo. Walilipia mafunzo ya siku tatu. Mwalimu alitusimulia kwamba siku ya kwanza aliogopa hadi akataka kuacha, na siku ya pili hakutaka kutoka majini. Siku ya tatu walizamia mara mbili, na mara ya mwisho walitoka majini yapata saa 6 mchana. Mwalimu wao wa uzamiaji, ambaye kwa maelezo ya pande zote mbili alikuwa mtu makini, aliwaonya wasipande ndege kabla ya saa 18 kupita. Wao hawakuwa na tiketi ya ndege. Walipanda boti ya alasiri hadi Dar es Salaam, na saa 1 usiku wakapanda basi la kuja huku.

Karibu na Dodoma, usiku wa manane umekwisha pita, bega la kulia la mwalimu lilianza kuuma. Alidhani ni kiti. Basi lilipofika Singida, maumivu yalikuwa yameshuka hadi kwenye kiwiko, na vidole vilikuwa na ganzi. Aliendelea kudhani ni kiti, kwa kuwa mtu aliyekaa basini usiku kucha ana sababu nyingi za kuumwa. Alipofika nyumbani alichuliwa kwa dawa ya misuli, akameza dawa za maumivu, akapimwa malaria na kukutwa hana. Siku ya nne daktari mmoja alimwuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza: wiki iliyopita ulikuwa wapi, na ulikuwa ukifanya nini?

Alipewa oksijeni na kupelekwa kwenye matibabu zaidi. Alipona kwa sehemu kubwa. Alituambia kwamba hadi leo, akiandika ubaoni kwa muda mrefu, vidole viwili vya mkono wa kulia huacha kuihisi chaki.

Tulipomwandikia mtoa huduma, alijibu kwa sentensi mbili: aliwaambia wateja wake wasipande ndege, na wao hawakupanda ndege. Jibu hilo lilikuwa la kweli tupu, na ndilo lililotufanya tuandae mada hii. Mwalimu na mumewe waliambiwa wasipande ndege, wakatii, wakapanda basi.

Ili tuelewe kilichotokea, tutazame kwanza hewa. Tukiwa ufukweni, tunabeba uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Tukishuka mita 10 chini ya maji, mgandamizo juu ya miili yetu unakuwa mara mbili ya ule wa ufukweni. Tukishuka mita 20, unakuwa mara tatu. Mtungi humpa mzamiaji hewa yenye mgandamizo ulio sawa na wa maji yanayomzunguka, ndiyo maana anaweza kuvuta pumzi. Sehemu kubwa ya hewa hiyo ni naitrojeni, gesi ambayo mwili hauitumii. Chini ya mgandamizo mkubwa, naitrojeni huyeyuka katika damu na katika nyama za mwili, kama gesi ilivyoyeyuka katika soda iliyofungwa. Mzamiaji akipanda polepole, gesi hutoka kidogo kidogo kupitia mapafu. Akipanda haraka, hutokea lile tunaloliona tunapofungua soda iliyosafiri kwenye barabara mbovu: viputo. Viputo vikiwa katika kiungo huleta maumivu. Vikiwa katika uti wa mgongo au ubongo, huweza kumpoozesha mtu au kumwua.

Kwa sababu hiyo mzamiaji hufundishwa kupanda bila kuzidi mita 9 kwa dakika, kisha kusimama kama dakika 3 kwenye kina cha mita 5 kabla ya kutoka. Hufundishwa pia kutozuia pumzi hata kidogo wakati wa kupanda, kwa maana hewa iliyofungiwa mapafuni hutanuka na huweza kuyapasua. Hayo mawili kila mwalimu wa uzamiaji huyasema, na hatuna wasiwasi nayo sana.

Wasiwasi wetu uko juu ya maji. Mtu akitoka majini bado ana naitrojeni ya ziada mwilini, na huendelea kuitoa kwa saa nyingi. Katika saa hizo, akienda mahali ambapo hewa ni nyepesi kuliko ya ufukweni, ni kama anaendelea kupanda kutoka majini. Miongozo inayotumika duniani humtaka aliyezamia mara moja asubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, na aliyezamia mara kadhaa au kwa siku kadhaa mfululizo asubiri angalau saa 18. Lakini ndege imetajwa kwa sababu gani? Kwa sababu hewa ndani ya ndege ya abiria hupunguzwa hadi kufanana na hewa ya mlimani, na miongozo hiyo iliandikwa kwa kufikiria hewa ya mwinuko wa kati ya mita 600 na mita 2,400 juu ya usawa wa bahari.

Sasa tuifuate barabara yetu. Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Dodoma iko juu ya mita 1,100. Singida iko karibu mita 1,500. Kisha gari linateremka Sekenke, linapita Igunga na Nzega, linafika Shinyanga, na Mwigumbi linashika njia ya Maswa hadi Bariadi. Uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko mita 1,134 juu ya bahari, na kwa kuwa mito yetu hutiririka kutoka huku kuelekea ziwani, kila mtu hapa anajua sisi tuko juu zaidi ya ziwa. Yaani abiria wa basi la Bariadi hulala usiku mzima, na kisha huishi nyumbani kwake, ndani ya mwinuko ambao miongozo ya ndege inauzungumzia. Mwili wa mwanadamu hautambui kama umepandishwa na injini ya ndege au na gia ya basi.

Tusiwatie hofu kupita kiasi. Watu wengi huzamia, hupanda basi, na hawapati lolote. Ugonjwa huu ni wa nadra. Lakini ni wa nadra kwa wanaosubiri, na gharama ya kusubiri ni usiku mmoja wa ziada katika nyumba ya wageni. Ushauri wetu kwa mkazi wa Simiyu, na kwa kweli kwa mkazi wa Dodoma, Singida, Mbeya, Iringa au Arusha, ni huu: hesabu saa 24 kamili tangu ulipotoka majini kwa mara ya mwisho hadi unapoanza safari ya kupanda bara, iwe kwa ndege, kwa basi, kwa treni au kwa gari lako. Panga uzamiaji mwanzoni mwa likizo. Siku ya mwisho iache kwa ajili ya Mji Mkongwe, kwa kununua karafuu na kanga, kwa kukaa Forodhani. Anayetaka kuunganisha bahari na Ngorongoro aanze na Ngorongoro.

Na dalili zikitokea njiani, yaani maumivu ya viungo yasiyoelezeka, ganzi, kizunguzungu, udhaifu wa miguu, kushindwa kukojoa, au uchovu usio wa kawaida, usingoje kufika nyumbani. Shuka kwenye mji mkubwa uliopo, nenda hospitali, na maneno yako ya kwanza yawe: nimezamia baharini, kwa mtungi, siku fulani, saa fulani, mara kadhaa. Omba oksijeni. Wauguzi na waganga wetu wa bara ni hodari, lakini hawawezi kuukisia ugonjwa wa baharini kwa mtu aliyeshuka kutoka basi la usiku.

Tuje kwenye mkataba wenyewe, maana huko ndiko fedha zinakotoka mfukoni.

Swali la kwanza ni nani atakayekushusha majini. Mwalimu na kiongozi wa uzamiaji huwa na kadi ya taasisi iliyomfunza, yenye jina, picha na namba, na taasisi kubwa za mafunzo huweza kuithibitisha namba hiyo kupitia intaneti. Kuomba kuiona kadi si utovu wa adabu. Huku kwetu mtu akileta ng'ombe mnadani tunauliza kibali, na hatumwoni mwuzaji kuwa mwizi kwa sababu tumeuliza. Uliza pia watu wangapi watakuwa chini ya mwalimu mmoja. Kwa wanaoonja tu kwa mara ya kwanza, idadi haipaswi kuzidi wanne, na wakiwa wawili ni bora zaidi.

Swali la pili ni afya yako, na hapa lawama mara nyingi ni ya mteja. Mtoa huduma makini atakupa fomu yenye maswali kuhusu pumu, kifua kikuu, shinikizo la damu, moyo, kifafa, kisukari, masikio, ujauzito na upasuaji. Wapo wanaojibu hapana kila mahali ili wasicheleweshwe, na hasa wanaume, kwa sababu wenzao wanatazama. Mwenye selimundu aonane na daktari kabla hata ya kuweka akiba ya safari. Fomu hiyo si ya serikali na hakuna atakayekushitaki kwa kusema kweli. Mtoa huduma asiyekupa fomu ya afya kabisa amekwisha kukuambia yeye ni nani. Chukua fedha zako uende kwa mwingine.

Vifaa vitazamwe kwa macho. Mtungi huwa na tarehe ya upimaji iliyogongwa kwenye chuma karibu na shingo. Mtungi usio na tarehe inayosomeka ukataliwe. Kabla ya kushuka, mtungi uliojaa huonesha karibu bar 200, na mzamiaji hutakiwa kurudi botini akiwa bado na kama bar 50. Vuta pumzi mara kadhaa ukiwa nchi kavu: hewa isiwe na harufu ya mafuta au moshi. Wengi tunaotoka kwenye mashine za kusaga tunaijua harufu hiyo vizuri kuliko watu wa mjini.

Boti ni jambo jingine, na pengine kubwa kuliko yote, kwa kuwa mzamiaji hutumia muda mwingi juu ya boti kuliko chini ya maji. Sisi si wakaguzi wa boti. Kwa Tanzania Bara kazi hiyo ni ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, na kwa Zanzibar ni ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, ZMA. Mteja anaweza kuuliza cheti cha ubora na idadi ya watu wanaoruhusiwa, kisha akahesabu. Ahesabu pia jaketi okozi. Aulize kama botini kuna mtungi wa oksijeni ya huduma ya kwanza, tofauti na mitungi ya kuzamia, na kama redio au simu inafika nchi kavu kutokea huko wanakokwenda. Aulize nani anabaki botini watu wanapokuwa chini. Boti iliyoachwa bila mtu juu ya fungu, mkondo ukibadilika, haiwasubiri wenyewe.

Uliza mwisho kuhusu chemba, yaani chumba maalumu cha kumrudisha mgonjwa kwenye mgandamizo ili viputo viyeyuke upya. Zanzibar chemba imewekwa Matemwe. Swali lako lisiwe tu iko wapi, bali inafanya kazi wiki hii au la, tutafikaje, na nani atalipa. Matibabu hayo ni ghali, na bima nyingi za afya hazikuandikwa kwa kuyafikiria. Uliza bima yako kabla ya kuondoka nyumbani.

Kuhusu bei tutasema kwa ufupi. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zimekataza bidhaa na huduma za humu nchini kutangazwa na kulipiwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa pale kanuni zenyewe zilipotoa ruhusa. Kwa hiyo taka bei yako kwa shilingi. Taka kujua kama ada ya hifadhi imo ndani. Mafia, kwa mfano, kuna Hifadhi ya Bahari tangu 1995, ya kwanza nchini, na kuingia humo kuna ada yake. Taka kujua itakuwaje bahari ikichafuka, maana miezi ya kusi haimheshimu mwenye likizo: je, utarudishiwa fedha, utapewa siku nyingine, au utaambiwa ndivyo bahari ilivyo? Jibu liandikwe kwenye risiti. Nahodha anayeahirisha safari kwa sababu ya upepo anakufanyia hisani, na mkataba mzuri ni ule usiomwadhibu kwa kufanya hivyo.

Karatasi ya kukubali hatari ambayo kila mzamiaji husaini imezua maswali mengi. Isome, hata kama imeandikwa kwa Kiingereza na foleni ni ndefu. Omba ifafanuliwe kwa Kiswahili. Kukubali hatari za bahari ni jambo moja. Kukubali mtungi mbovu, boti iliyojaa kupita kiasi au mwalimu asiye na kadi ni jambo jingine, na hakuna mtu mwenye akili timamu aliyekusudia kulikubali. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kupotosha na kulaghai wateja, na saini ya mteja haigeuzi uongo ukawa kweli.

Sasa meli zilizozama, ambazo vijana wametuuliza sana hapa bandani.

Kando ya Unguja kuna mabaki yanayotembelewa. Yapo ya Great Northern, meli ya Waingereza iliyokuwa ikitandaza nyaya za simu za maandishi chini ya bahari, iliyokwama kwenye miamba kusini mwa mji wa Zanzibar mwaka 1902. Yako kwenye kina cha mita 12 hivi, matumbawe yameyafunika, na mwanafunzi mpya anaweza kuyaona akiwa na mwalimu. Yapo pia ya HMS Pegasus, manowari ya Uingereza iliyoshambuliwa ikiwa imetia nanga bandarini Zanzibar alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 na manowari ya Ujerumani, Königsberg. Königsberg nayo ilimalizikia kwenye mdomo wa Mto Rufiji Julai 1915. Pegasus iko kwenye kina cha karibu mita 40.

Tunazitaja namba hizi kwa makusudi. Mtu anayeonja uzamiaji kwa mara ya kwanza hushushwa hadi mita 12. Aliyehitimu mafunzo ya awali hukomea mita 18. Mtu yeyote ufukweni atakayekuahidi Pegasus katika siku yako ya kwanza au ya nne anakuuzia kitu ambacho hana haki ya kukuuzia, hata akipunguza bei. Kuingia ndani ya meli iliyozama ni fani peke yake: kuna giza, kuna vyuma vinavyokata, kuna tope linalotibuka hadi mtu asiuone mkono wake, na hakuna njia ya kupanda moja kwa moja. Mteja wa kawaida hubaki nje.

Kadhalika, msichukue kitu. Kipande cha chuma au chupa iliyoshikwa na matumbawe ina maana pale ilipo, na inaweza kuwa inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale. Mabaharia wa Pegasus wamezikwa kisiwani Chapwani, mkabala na mji. Mabaki ya meli yao ni sehemu ya kaburi hilo.

Hili sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kufafanuliwa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 430, na ikaua zaidi ya watu 800. Miongoni mwenu wapo waliosimama ufukweni siku zile. Inakumbukwa kwamba tundu lilitobolewa kwenye ubavu wa meli ili kuwatoa waliokuwa hai ndani, hewa iliyokuwa ikiiinua ikatoka, na meli ikaenda chini. Wazamiaji waliitwa hadi kutoka Afrika Kusini. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa katika chombo kilichoruhusiwa kubeba kama 100. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa hai fundi mmoja aliyekuwa amebaki ndani, mahali ambapo hewa ilikuwa imebaki. Kijana mmoja alituuliza jana kama mabaki ya MV Bukoba yangeweza kuwa kivutio cha utalii. Tulimjibu kwamba hatuioni huduma hiyo ikiuzwa, na tungependa isiuzwe ndugu wa marehemu wakiwa hai.

Mzee mmoja kutoka Lamadi alileta jambo ambalo hatukuwa tumeliandaa, nalo ni zito kuliko mengi tuliyoyaandaa. Alisema katika Ghuba ya Speke wapo vijana wanaolipwa kuzamia ili kunasua nyavu na kutafuta injini za mitumbwi zilizoanguka, na kwamba wamesikia habari za kutumia mashine ya upepo, ile ya kujaza matairi, na mpira mrefu. Je, inafaa?

Haifai. Mashine ya matairi haikutengenezwa kwa ajili ya mapafu. Huvuta moshi wa injini yake yenyewe na mvuke wa mafuta, na kuvuta hewa ya namna hiyo kwa mgandamizo humlevya mtu na kumwua bila kumwonya. Zaidi ya hayo, ziwa letu liko juu sana. Majedwali yanayomwonesha mzamiaji akae chini dakika ngapi yalitengenezwa kwa usawa wa bahari, na mahali popote panapozidi mita 300 juu ya bahari yanahitaji kurekebishwa. Sisi tuko kwenye mita 1,134. Anayezamia ziwani kwa hesabu za baharini anajidanganya kila dakika, hata akiwa na vifaa kamili. Na mwajiri anayempa kijana shilingi elfu chache ashuke kwa mpira wa matairi hawezi kusema kwamba kijana alitaka mwenyewe.

Kuhusu lalamiko la mwalimu: lilimalizika kwa maelewano. Mtoa huduma alirudisha ada yote, na akabadilisha fomu yake. Zamani iliuliza, je, utapanda ndege katika saa 18 zijazo? Sasa inauliza, ukitoka hapa unakwenda wapi, kwa usafiri gani, na lini? Tumewapelekea watoa huduma wengine nakala ya swali hilo. Baadhi wamelichukua, baadhi hawajajibu. Ukikutana na fomu ya zamani, lijibu swali jipya hata kama hukuulizwa.

Mwenye lalamiko atuletee risiti au ujumbe wa malipo ya simu, jina la mtoa huduma na la boti, tarehe na saa za kuzamia, nakala ya karatasi aliyosaini, na cheti cha hospitali kama aliumia. Asiye na risiti aje hivyo hivyo, tutaanza na ujumbe wa simu. Malalamiko yanayohusu huduma iliyotolewa Zanzibar tunayapokea na kuyapeleka kwa wenzetu wa huko, kwa hiyo hakuna haja ya kusafiri. Fomu ziko kwenye meza iliyo karibu na mlango wa hema, na maafisa wetu watakuwepo hadi saa 10 jioni.